Ekzosi mpya inavuma ndani ya gari hadi mama anaumwa kichwa: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Dodoma, natumia Subaru Forester ya 2005 yenye tabo, gia otomatiki. Miezi miwili iliyopita nilitoa ekzosi iliyokuja na gari nikafunga ya inchi tatu yenye sailensa moja kubwa nyuma. Ile sailensa ndogo ya katikati fundi aliitoa, akasema inabana. Mjini gari linalia vizuri sana. Shida ni safari. Kila mwezi nampeleka mama kliniki Muhimbili, na nikifika kilomita 95 hadi 110 kwa saa, mshale wa mizunguko ukiwa kwenye 2,500 hivi, ndani kunavuma kama tumefungiwa kwenye pipa. Mama anakaa nyuma, na tukifika Morogoro kichwa kinamuuma na anasikia kichefuchefu. Nimeshauriwa nitandike matandiko ya lami sakafuni na milangoni, laki sita. Itasaidia?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hizo laki sita zishike kwanza. Umeniletea mambo mawili ukidhani ni moja: mvumo, na kichwa cha mama. Inawezekana kweli kichwa kinatokana na mvumo, maana sauti nzito isiyokatika kwa saa kadhaa huchosha, na wengine huwachafua tumbo. Lakini gari ambalo ekzosi yake imefunguliwa na kuchomelewa upya juzi tu, kisha abiria wa nyuma anaumwa kichwa na kusikia kichefuchefu, mimi sianzi na sauti. Naanza na moshi.

Moshi wa petroli una kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na damu huing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Dalili zake za mwanzo ndizo hizo ulizoniandikia, na mgonjwa au mtu mzima huzidiwa kabla ya kijana. Wewe mbele umeteremsha kioo kidogo unajiona mzima, kumbe nyuma wanavuta hewa nyingine. Kwa hiyo usimsafirishe tena mama kwa gari hilo mpaka likaguliwe. Mwezi huu apande treni ya SGR au basi.

Forester na ndugu zake wote wenye mgongo uliosimama wima wana tabia moja. Gari likienda kasi, nyuma yake hewa huacha pengo lenye mgandamizo mdogo, na moshi uliotoka huzunguka ukarudi kuliambaa bati la mlango wa buti. Ukikuta upenyo, unaingia. Niliwahi kupokea wagoni ya familia, mwenyewe akilalamikia kelele tu. Nilipolipandisha nikakuta ncha ya bomba imeishia kama sentimita kumi ndani ya bampa, ili isionekane, na raba ya mlango wa nyuma imekatika kona ya chini. Masizi yalikuwa yameshika hadi kwenye zulia la buti. Watoto wawili walikuwa wakilala pale kila safari. Tangu siku ile, gari lolote linaloletwa kwangu kwa kelele linaanza na ukaguzi wa moshi, mteja atake asitake.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine. Asubuhi, injini ikiwa baridi, weka gari mahali pa wazi, kamwe si ndani ya banda lililofungwa. Liwashe, mwenzako azibe ncha ya bomba kwa kitambaa kizito kilicholowa kwa sekunde chache, wewe upitishe sikio kando ya kila kiungo kuanzia mbele hadi nyuma. Penye tundu patazomea kwa sauti ya "sss" au "tsk tsk". Pulizia maji ya sabuni pale unapopashuku, mapovu yatakuonyesha. Tazama pia madoa meusi kwenye flanji (maungio ya bolti) na kwenye mishono ya kuchomelea, maana moshi unaovuja huandika jina lake. Kisha kagua ncha: lazima ipite ukingo wa bampa na ielekee nje, isitazame chini wala kuishia ndani. Mwisho, bana kipande cha karatasi kwenye mlango wa buti, ufunge, ukivute. Kikitoka bila kushikwa, raba ya hapo imekufa. Zungusha karatasi mlango mzima, na ufunue zulia la buti uone kama vifuniko vya mpira vya sakafuni vyote vipo.

Muulize pia fundi wako swali moja na usikubali jibu la kuzunguka: katalitiki konvata, kile chombo cha kusafisha moshi, ipo au imetolewa? Wengi wakifunga bomba pana hulitoa likauzwa, kwa sababu lina madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Likikosekana, moshi unaotoka una sumu nyingi zaidi, na tundu dogo ambalo lingevumilika linakuwa la hatari. Kama limetoka, lirudishwe. Kwa gari linalobeba mama mgonjwa silegezi hapo.

Sasa tuje kwenye mvumo. Moshi ukishaondolewa kwenye hesabu, tatizo lako linaeleweka vizuri sana, tena namba ulizoniandikia zimenisaidia kuliko maelezo marefu.

Injini yako ina silinda nne. Katika kila mzunguko mmoja, silinda mbili huwaka na kusukuma moshi. Mshale ukiwa 2,500, hiyo ni mipigo 5,000 kwa dakika, yaani takribani 83 kwa sekunde. Sasa chukua chumba cha gari lako. Hewa iliyofungwa kati ya kioo cha mbele na mlango wa buti ina mdundo wake inaoupenda, kama chupa tupu ya soda ukiipulizia mdomoni: hata upulize vipi, hutoa sauti ileile. Sauti husafiri hewani kwa mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo chumba chenye urefu wa mita 2, ambapo sauti ikienda na kurudi inakata mita 4, huitikia mipigo 86 kwa sekunde, na chenye mita 2.5 huitikia karibu 69. Gari si sanduku la mstatili, vioo vimelala na viti vinanyonya sauti, kwa hiyo mwitikio huo hutawanyika kidogo. Lakini unaona kilichotokea. Ekzosi yako inapiga ngoma ileile ambayo chumba chako kinaijua kuicheza, na inaipiga pale pale kwenye mwendo wako wa safari. Ukiwa mjini mshale unapanda na kushuka, haukai hapo zaidi ya sekunde mbili, ndiyo maana unasikia raha tupu.

Kabla ya mabadiliko yako mpigo huo ulikuwepo vilevile. Kilichokuwa kinaukamata ni ile sailensa ndogo ya katikati. Fundi aliyekuambia inabana hakukutendea haki. Nyingi za namna hiyo ndani yake ni bomba lenye matundu lililozungukwa na chemba, moshi unapita moja kwa moja, na kazi yake si kupunguza sauti yote bali kuua masafa fulani (yaani mipigo ya idadi fulani kwa sekunde) yanayosumbua ndani. Halafu bomba lenyewe: la inchi tatu lina uwazi mkubwa kuliko hata la inchi mbili na nusu kwa asilimia 44. Mipigo mizito hupita hapo bila kupunguzwa, na bati pana la bomba lenyewe nalo hutetema zaidi.

Hapa niseme na la wauzaji. Pale Shaurimoyo utauziwa sailensa za michezo zilizotumika, za Kijapani, zenye kibati cha JASMA, chama cha watengenezaji wa sailensa za michezo wa Japani, ukaambiwa hizi ndizo tulivu. Ni vifaa vizuri, nami huvifunga. Lakini kile kibati ni habari ya kelele ya nje. Kipimo cha Japani cha gari likiwa limesimama, ambacho kwa magari madogo kiliwekwa kikomo cha desibeli 96, huchukuliwa nusu mita kutoka kwenye ncha ya bomba, kwa pembe ya nyuzi 45. Hakiulizi anachosikia mtu aliyekaa kiti cha nyuma kwa saa sita.

Usikimbilie kukata chuma hata hivyo. Hakikisha kwanza kwamba ni ekzosi. Kwenye kipande kilichonyooka na kisicho na magari, shika mwendo unaovuma, halafu ushushe gia moja bila kubadili mwendo. Mshale utapanda kwa mizunguko takribani elfu moja. Kama mvumo umekatika au umegeuka sauti nyingine, unafuata injini, yaani ni ekzosi au mauntingi (mipira inayoshikilia injini). Kama umebaki vilevile, unafuata magurudumu: tafuta beringi, matairi yaliyolika vibaya au propela. Nimeona watu wakibadilisha sailensa mbili mfululizo kumbe ni beringi ya gurudumu la nyuma. Jaribu pia kuteremsha kioo kimoja cha mbele sentimita tano. Mvumo wa chumba hubadilika ghafla ukikitoboa, kelele ya tairi haibadiliki namna hiyo. (Kioo cha mbele, nasisitiza. Kufungua nyuma peke yake kunaalika moshi.)

Ukipima kwa simu, kuwa mwangalifu. Programu nyingi za kupima kelele hutumia kipimo cha A, ambacho hukata sauti nzito ili kifanane na sikio linavyosikia sauti ndogo. Kwenye mipigo 80 kwa sekunde kinakata zaidi ya desibeli 20. Unasoma 72, unajiambia gari limetulia, kumbe mgandamizo halisi unaompiga mama kifuani na masikioni ni zaidi ya 90. Chagua kipimo cha C, kisichokata sauti nzito namna hiyo, kama programu inacho, na ukitumie kulinganisha kabla na baada tu, kwa simu ileile iliyowekwa mahali palepale.

Kisha ingia chini ya gari, likiwa limekaa kwenye stendi, si jeki. Nusu ya magari yanayoletwa kwangu kwa mvumo yana bomba linalogusa bodi mahali fulani: kwenye bati la kukinga joto, kwenye mhimili wa nyuma, kwenye pengo la bampa. Ikigusa, gari zima linakuwa spika. Na ukiikagua ikiwa baridi inaweza kukudanganya, kwa sababu chuma kinarefuka. Bomba la mita tatu likipata joto la nyuzi 300 zaidi huongezeka sentimita moja, na la chuma cha pua huongezeka hadi sentimita moja na nusu. Pengo la milimita tano uliloliona asubuhi halipo tena ukifika Gairo. Njia ninayoipenda ni kupaka chokaa au rangi nyeupe kidogo sehemu zote zilizo karibu na bodi, kuendesha nusu saa, kisha kutazama palipofutika. Mipira ya kuning'inizia nayo iwe ile laini ya kawaida. Ile migumu ya rangi rangi inafaa gari la mashindano, kwenye safari inapeleka mtetemo wote sakafuni.

Ukimaliza hayo, tiba yenyewe. Cha kwanza, rudisha sailensa ya katikati, ya kipenyo cha bomba lako, ndefu kadiri nafasi inavyoruhusu. Mara nyingi hiyo peke yake inamaliza kazi, au inabakiza kidogo kinachovumilika. Ungekuwa ndiyo kwanza unakuja kwangu, ningekuambia pia ufunge ya inchi mbili na nusu. Kwa injini ya lita mbili ambayo haijaguswa ndani inatosha, na kuna jambo jingine wanalolificha: tabo ndogo ikifunguliwa njia pana mno nyuma, mlango wake wa kupunguza presha unaweza kushindwa kumudu, presha ikapanda kuliko ilivyopangwa. Kama umefunga kipimo cha presha na unaona inapanda peke yake mshale ukiwa juu, acha kukanyaga sana, lipeleke gari kwa anayejua kuipanga.

Kama baada ya sailensa ya katikati bado pana mvumo palepale kwenye 2,500, tunatumia tawi lililozibwa. Ni kipande cha bomba kinachochomelewa ubavuni mwa bomba kuu, ncha ya mwisho ikazibwa kabisa. Moshi haupiti humo, sauti tu ndiyo inaingia, inagonga ukuta na kurudi. Urefu wake ukiwa robo ya urefu wa wimbi la sauti hiyo, sauti inayorudi inakutana na inayokuja ikiwa imegeuka kinyume, zinamezana. Linaua masafa mamoja tu, na hayo ndiyo hasa tunayoyataka, kwa hiyo mlio wako wa mjini unabaki.

Urefu ndio wanaoukosea, kwa sababu wanatumia mwendo wa sauti kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya ekzosi kuna joto. Kwenye nyuzi 200 sauti hukimbia mita 436 kwa sekunde, kwenye nyuzi 300 karibu mita 480. Gawanya kwa nne, ugawanye tena kwa mipigo 83: unapata kati ya mita 1.31 na 1.45, ukipima katikati ya bomba kutoka kwenye maungio hadi ukutani. Mwambie fundi aanze na 1.45 na kifuniko kilichoshikwa kwa nukta chache tu za kuchomelea, mwende barabarani, kisha akate sentimita tano tano mpaka mvumo uzame. Kurefusha ni kazi, kukata ni rahisi. Linaweza kupindwa ili lienee chini ya sakafu. Kipenyo kiwe kile kile cha bomba kuu, maana jembamba hufanya kazi kidogo. Lisiungwe karibu na ncha ya nje, pale mgandamizo wa sauti ni mdogo na halitashika kitu. Liinamie kwenye bomba kuu ili maji yanayojikusanya yarudi, wala asitoboe tundu la kuyatolea.

Kila mara anapochomelea, atoe waya wa hasi wa betri, na asikaribie tangi la mafuta na mipira yake bila kuvikinga. Namsema fundi mzuri anayejua, na hata yeye anastahili kukumbushwa.

Umeuliza matandiko ya lami. Yana kazi yake: yanalitia bati uzito ili lisilie kama debe, hivyo mlango unafunga kwa sauti ya kutulia na changarawe hazisikiki sana. Lakini mvumo wako si bati linalolia, ni hewa ya chumba inayoitikia. Sponji nayo hainyonyi sauti nzito hivyo. Ili sponji iikamate vizuri sauti ya mipigo 83 kwa sekunde ingehitaji unene unaokaribia robo ya wimbi, ambayo ni mita moja. Hakuna Forester yenye nafasi hiyo. Na kama matandiko uliyotajiwa ni yale ya kuezekea paa, yakatae hata ukipewa bure. Jua la Dodoma litayalainisha, yatateleza milangoni na kuziba njia za maji, na harufu yake itamrudishia mama kichefuchefu. Ukibakiwa na fedha baada ya kazi ya ekzosi, nunua yale ya butili (mpira laini unaonata) yenye karatasi ya alumini, bandika vipande katikati ya mabati makubwa ya sakafu ya buti na juu ya matao ya magurudumu. Robo ya eneo inatosha. Kabla ya hapo nunua raba mpya ya mlango wa nyuma.

Nunua pia king'ora kidogo cha betri cha kaboni monoksidi, kikae kwenye mfuko wa nyuma wa kiti, usawa wa pua ya mama. Na siku ya majaribio usiendeshe wewe. Sauti ya namna hii haijai chumbani sawasawa, hukaza kwenye ncha na kulegea sehemu za kati, kwa hiyo dereva na abiria wa nyuma hawasikii kitu kimoja. Mpe usukani mtu unayemwamini, ukae pale mama anapokaa, uegemee kama anavyoegemea, mwende hadi Gairo na kurudi kwa mwendo ule ule, ndipo uniandikie mshale ulikuwa wapi na ulisikia nini.